Neno likipotoka, kipimo cha afya ya akili hupotoka

SHINIKIZO la damu hupimwa kwa mashine, na sukari kwa tone la damu. Je, sonona hupimwa kwa nini? Kwa maneno. Mtafiti huuliza, mgonjwa hujibu, majibu yakageuzwa kuwa alama. Ndiyo maana suala hili latuhusu sisi watu wa lugha sawa na madaktari.

Chukua hojaji iitwayo PHQ-9, inayotumika katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Ina maswali tisa kuhusu hali ya mtu katika wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya chakula, uchovu na kadhalika. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3. Jumla ya juu kabisa ni 27. Kwa kawaida, anayefikisha 10 huhesabiwa kuwa anafaa kuchunguzwa zaidi.

Sasa hebu tuitazame lugha. Kwa Kiingereza, mwenye huzuni husemwa kwamba anajihisi yuko chini. Ukitafsiri sisisi ukamuuliza mama wa Kilifi iwapo amekuwa akijihisi yuko chini, atakushangaa: chini ya nini? Lakini mama huyo huyo akikwambia, "Siku hizi nina mawazo," amekueleza mengi. Mawazo hapo si fikira tu, ni mzigo unaomnyima mtu usingizi.

Watafiti wengi hujihami kwa tafsiri rejeshi: mmoja anatafsiri, mwingine anarudisha matini katika Kiingereza, kisha wanalinganisha. Njia hii yafaa, ila ina tundu. "Yuko chini" itarudi katika Kiingereza bila doa, na tafsiri itapita mtihani ambao mama yetu ameshindwa kuuelewa!

Zimbabwe walianzia upande wa pili. Katika miaka ya 1990, watafiti akiwemo Vikram Patel walisikiliza kwanza jinsi Washona wenyewe wanavyoyaeleza mateso ya nafsi. Walikutana na neno *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi, na wakaunda hojaji ya maswali 14 kwa Kishona. Si ajabu Mswahili akalielewa neno hilo upesi kuliko istilahi za hospitalini.

Ubora wa maisha nao una mtego wake. Shirika la Afya Duniani huufafanua kwa jinsi mtu mwenyewe anavyoiona nafasi yake maishani, kwa kuzingatia utamaduni na malengo yake. Lakini muulize Mkenya, "Maisha yakoje?" Atakujibu, "Maisha yamepanda," akimaanisha bei ya unga. Hajakosea, swali ndilo halikufafanuka.

Swali la tisa la PHQ-9 ndilo zito zaidi, kwani lahusu mawazo ya kujidhuru au kuona heri kufa. Kwetu, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kuwa kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kinakiuka Katiba. Hofu na aibu hazifutwi na hukumu moja. Tukilifunika swali hilo kwa tafsida, anayehitaji msaada atajibu "hapana", naye atarudi nyumbani akihesabiwa mzima.

Basi kabla ya hojaji kupelekwa mashinani, wasomewe wenyeji wachache, kisha waulizwe: umeelewa nini hapa? Mtaalamu wa lugha naye awepo tangu siku ya kwanza, si aitwe mwishoni kusahihisha tahajia.