Je, Wajua? Naruto ana jina la chakula

Naruto, kijana ninja wa katuni za Kijapani anayetengwa na kijiji kizima kwa sababu mwilini mwake kumefungiwa mbweha mwenye mikia tisa, ana jina la kitoweo. Narutomaki ni kipande cheupe cha samaki aliyepondwa, chenye duara la waridi lililojiviringa katikati, kinachowekwa juu ya bakuli la rameni, zile tambi za supu ambazo Naruto anazipenda mno. Kipande chenyewe kimeitwa hivyo kwa kufanana na maji yazungukayo kwa nguvu katika mlangobahari wa Naruto, karibu na kisiwa cha Shikoku.

Sasuke, rafiki anayemtoroka Naruto, amerithi jina la Sarutobi Sasuke, ninja wa ngano za zamani.

Masashi Kishimoto aliichora hadithi hii kuanzia 1999 hadi 2014, sura 700. Mwanzoni Naruto alivaa miwani mikubwa kwenye paji la uso. Kuichora kukamchosha Kishimoto, akaweka kitambaa chenye bati. Uvivu wenye faida, maana bati kama hilo, kwenye paji la Sasuke, ndilo Naruto analolikwaruza siku wanapopigana kabla ya kuachana.