Je, Wajua? Ikembe Huzungusha Sauti Bila Umeme

Gonga ulimi mmoja wa ikembe, ala ya muziki ya kushika mkononi, kwa kidole gumba. Kwanza husikika mlio mkali, chuma kwa chuma, unaozimika mara moja. Kisha hubaki mlio mnene, laini, unaokaa sikioni. Ulimi ule ni kipande cha chuma kilichobanwa upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili. Mlio mkali hutetemeka takriban mara sita zaidi ya ule mnene, ndiyo maana haudumu.

Ukiukata ulimi nusu, kasi ya mtetemo huongezeka mara nne, yaani sauti hupanda oktavu mbili. Kwa hiyo anayeilinganisha ikembe huusogeza ulimi kwa unene wa ukucha tu, akausikiliza, akausogeza tena. Chini ya ndimi kuna sanduku la mti lenye tundu. Mpigaji akiliziba na kulizibua, sauti huyumba kama mtu anayeita huku akifunika mdomo kwa kiganja.

Warundi huiita ikembe, Wakongo likembe, na Watanzania wengi husema marimba tu. Nyanda za juu za Kigoma zimeyakutanisha majina hayo. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na mwaka 2015 Warundi wakaingia humo humo na Nduta, Kibondo. Waha, wenyeji wa Kigoma, husikilizana na Warundi bila mkalimani.

Sasa tazama vidole. Gumba la kushoto lina mzunguko wake mfupi, la kulia lina wake, na vinapopokezana huzaliwa wimbo wa tatu ambao hakuna kidole kinachoupiga peke yake. Mzunguko haukatiki. Juu yake mwimbaji hutunga papo hapo: humsalimu mgeni, humtania bwana harusi, humlilia aliyekufa. Wanamuziki wa elektroniki hukanyaga kifaa kinachonasa sekunde chache za sauti na kuzirudia. Wapiga jazi huzungusha mfuatano ule ule wa kodi (sauti zinazopigwa kwa pamoja) huku mmoja akibuni juu yake. Mimi nasema ni akili ile ile, na ikembe hutosha mkononi mwa mtoto.

Gerhard Kubik, mtafiti wa muziki kutoka Austria, ameeleza jinsi likembe ilivyopanda Mto Congo mwishoni mwa karne ya 19 pamoja na wapagazi, waliojiburudisha nayo njiani. Miaka ya 1960 Mawangu Mingiedi aliunda kundi la Konono No. 1 mjini Kinshasa. Kelele za mji zilimeza sauti ya chombo chake, basi akatengeneza vinasa sauti kwa sumaku za magari mabovu. Umeme ukaipa likembe mkwaruzo ambao hakuukusudia, naye akaupokea kama sehemu ya muziki. Albamu yao Congotronics ilitoka mwaka 2004. Mwaka 2010 mpiga piano wa jazi Herbie Hancock aliwashirikisha katika wimbo Imagine, uliopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata.

Kama kwenu Kasulu au Kibondo yupo mzee anayeipiga, mwombe ruhusa, mrekodi kwa simu yako, andika jina lake na jinsi alivyozipanga ndimi zake. Fanya hivyo mwezi huu.