Asili ya Mwituni na Ustahimilivu wa Joto: Mibuni ya Boma na Hali ya Munuki, Juba

Ni rahisi kuamini kwamba mmea wa mwituni, kwa kuwa umeishi bila kutunzwa na binadamu, utastahimili joto popote utakapohamishiwa. Makala haya yanaipinga dhana hiyo kwa kurejelea mbuni wa Arabika unaoota wenyewe katika nyanda za juu za Boma, kusini-mashariki mwa Sudan Kusini. Hoja kuu ni kwamba mmea uliohamishwa huchukua sifa ulizozipata katika mazingira yake ya asili, na Boma si mahali pa joto kali.

Thomas aliieleza mibuni hiyo katika taarifa yake ya mwaka 1942. Aina iliyotokana nayo, Rume Sudan, ilipelekwa Kenya, ambako ukinzani wake dhidi ya ugonjwa wa chulebuni ulitumiwa kuzalisha Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985. Uhamisho huo ulifanikiwa kwa sababu nyanda za juu za Kenya zina ubaridi unaokaribiana na ule wa Boma.

Munuki, mtaa wa makazi jijini Juba, una hali tofauti. Juba iko takriban mita 550 tu juu ya usawa wa bahari. Arabika hustawi pale wastani wa joto la mwaka ulipo kati ya nyuzi 18 na 22 za sentigredi. Wastani wa Juba ni takriban nyuzi 27, na mchana wa Februari na Machi joto hukaribia nyuzi 38. Joto la nyuzi 30 likidumu, ukuaji wa Arabika hudumaa na majani hugeuka manjano. Kivuli na umwagiliaji hupunguza madhara hayo, lakini haviwezi kufidia tofauti ya mwinuko.

Mwarobaini, mgeni kutoka Bara Hindi, huvumilia joto la aina hii kwa kuwa chimbuko lake lina joto na ukame. Hivyo, mmea wa kigeni unaweza kufaa Munuki kuliko ule wa nchini.

Mapendekezo mawili yanafuata. Kwanza, miche inayokusudiwa kupandwa Juba ichaguliwe kwa kulinganisha tabianchi ya chimbuko na ya mahali pa kupandia, si kwa uzalendo wa asili yake. Pili, thamani ya mibuni ya Boma itafutwe katika vinasaba vyake, navyo vimo hatarini: utafiti wa Davis na wenzake (2012) ulikadiria kwamba kufikia mwaka 2080, asilimia 65 hadi karibu 100 ya maeneo yanayoifaa Arabika ya mwituni yangeweza kutoweka. Mbegu za Arabika hazidumu katika hifadhi za kawaida za mbegu. Kwa kawaida huhifadhiwa ikiwa miti hai. Mashamba ya kuihifadhi basi yawe katika nyanda za juu, si jijini Juba.