Fahamu: Kwa nini mwanafunzi wa famasi afanye raundi na wenzake

Mtu anayetumia dolutegravir kudhibiti VVU akigundulika kuwa na kifua kikuu, huanzishiwa dawa zenye rifampisini. Rifampisini hulifanya ini kuivunja dolutegravir haraka, hivyo miligramu 50 mara moja kwa siku hazitoshi tena. Sharti zitolewe mara mbili kwa siku. Daktari huandika, muuguzi humpa mgonjwa vidonge, mfamasia huangalia dawa zote kwa pamoja. Wasipozungumza, kosa hupita katikati yao. Ndiyo maana mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilihimiza wanafunzi wa fani za afya wafundishwe pamoja.

Wapo wanaosema wafamasia ni wachache na foleni kwenye dirisha la dawa ni ndefu, hivyo hawana muda wa raundi za wodini. Hoja hiyo ni nzito. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 1999, uliofanyika Boston, Marekani, ulimweka mfamasia kwenye raundi ya wagonjwa mahututi asubuhi tu. Baada ya hapo alipatikana kwa kuitwa. Madhara yanayozuilika yatokanayo na uandikaji wa dawa yalipungua kwa asilimia 66. Na wanaohofu kwamba daktari atanyang'anywa mamlaka wajue kuwa kati ya mapendekezo 366 ya mfamasia huyo, madaktari walikubali 362. Kuaminiana kwa namna hiyo hakuanzi siku ya kuajiriwa. Hujengwa mapema, wanafunzi wakisimama kitanda kimoja na faili moja mkononi. Vyuo viwapangie ratiba moja ya wodini, na ushiriki huo uhesabiwe kwenye maksi.