Nasaba ya Pilipili

Asubuhi moja ya mwezi wa Juni, siku chache kabla ngoma za Bulabo, tamasha la Wasukuma, hazijaanza kurindima katika uwanja wa Bujora, mama mmoja jirani yangu alipiga hodi akiwa amebeba ungo wa pilipili hoho alizochuma bustanini kwake, akanisalimu, "Mwangaluka, mwalimu," na kabla sijakamilisha kuitikia akachagua moja iliyoiva vizuri, akanikabidhi, akasema kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, "Hebu onja hii." Nikaionja. Ilikuwa na mabega mapana ya hoho na ngozi nene ing'aayo ya hoho, lakini ilichongoka nchani kuliko ilivyo desturi ya hoho, tena ilikuwa nyekundu, na iliniwasha ulimi hata machozi yakanitoka mbele yake. Mbegu alikuwa amezitoa kwa mkono wake katika hoho za manjano za msimu uliotangulia, ambazo watoto wake walikuwa wakizitafuna mbichi mfano wa matango; na swali lililomleta kwangu lilikuwa moja tu: nani amemharibia mbegu?

Hakuna aliyeziharibu ila nyuki, naye hakukusudia. Hatua chache kutoka tuta la hoho, kando ya ua wa minyaa, mama yule alikuwa na safu ya pilipili ndefu nyekundu za kulia sato wa kukaanga, na nyuki waliotoka katika ua la pilipili ndefu wakaingia katika ua la hoho walikuwa na chavua mwilini. Wapo wakulima wengi wanaolieleza jambo hili kwa namna isiyo sahihi, wakisema kwamba hoho ikipandwa karibu na pilipili kali huambukizwa ukali papo hapo. Nataka kulieleza kwa utuvu, kwa sababu mtu aliyeelewa jinsi mbegu ya jirani yangu ilivyogeuka bila ya kutakiwa, huyo ameelewa pia jinsi ya kuigeuza kwa kutaka, na anaweza kujipatia, katika uwanja wa nyumba yake, aina ya pilipili ambayo hakuna duka liiuzalo.

Kwanza tuyaweke sawa majina, maana neno pilipili katika lugha yetu limebeba mimea miwili isiyokuwa na udugu. Pilipili manga ni mmea utambaao, asili yake pwani ya Malabar huko Uhindi, na jina la Manga ilipewa kwa sababu ilitufikia mikononi mwa wafanya biashara wa nchi za Waarabu. Pilipili nyekundu ni mgeni wa mbali zaidi. Asili yake ni Amerika ya Kusini na ya Kati, na kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492 hapakuwa na mtu wa upande huu wa bahari aliyepata kuionja. Wareno, ambao walifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, ndio waliotia mkono mkubwa katika kuisambaza Afrika na Uhindi. Wataalamu huiita jamii hiyo *Capsicum*, nao huhesabu aina tano zilizofugwa na binadamu, ambazo tatu kati yake zimo katika bustani zetu: *annuum*, ambayo ndani yake zimo hoho na pilipili ndefu pia, *frutescens*, ndiyo pilipili kichaa, ndogo, iliyosimama wima juu ya tawi, na *chinense*, ndiyo pilipili mbuzi, yenye mikunjo na harufu isiyosahaulika. Ajabu ni kwamba kamusi za Kiswahili za zamani zilipotaja pilipili hoho zilikusudia pilipili nyekundu iwashayo, si hii ya leo iliyo pole. Basi hoho za jirani yangu, kwa maana moja, zilirejea kwenye jina lake la kale.

Ukali wenyewe watokana na kemikali iitwayo kapsaisini, nayo haitengenezwi na mbegu, kama wengi wadhanivyo, bali na utando mweupe ulioshikilia mbegu ndani ya tunda. Mbegu huwasha kwa kuwa zimegusana na utando ule. Kapsaisini huamsha mishipa ya fahamu ile ile iuarifuyo mwili juu ya moto, jambo ambalo David Julius na wenzake huko California walilithibitisha mwaka 1997, na kwa sababu ya uchunguzi huo akashirikishwa katika Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Ndege hawaipati hisia hiyo. Hula pilipili kichaa bila taabu, wakadondosha mbegu zikiwa nzima, na ndiyo sababu miche ya kichaa huota pasipo kupandwa chini ya miti na kando ya majabali yetu, mahali ambapo ndege hupenda kutua. Kapsaisini huyeyuka katika mafuta, wala si katika maji. Kwa hiyo aliyeungua kinywa asikimbilie mtungi, bali maziwa mgando, ambayo kwa neema ya Mungu hayakosekani Usukumani, na aliyeshika pilipili kwa vidole apake mafuta kwanza ndipo anawe kwa sabuni.

Sasa tuje kwenye kiini. Tunda la pilipili, kwa ngozi yake, nyama yake na utando wake mweupe, ni kiungo cha mwili wa mmea mama, na chavua iliyolizalisha haina uwezo wa kuligeuza ladha. Ni mbegu tu zilizomo ndani ambazo ni watoto wa wazazi wawili. Kwa hiyo hoho za kwanza za jirani yangu zilikuwa pole na za manjano kama mama yao, ijapokuwa baadhi ya mbegu zake zilikuwa zimekwisha kuzaliwa na baba mkali, na siri ile ilikaa kimya hata mbegu zilipopandwa zikawa miche na miche ikazaa matunda yake yenyewe. Kila mche hurithi kwa kila sifa hati mbili, moja ya mama na moja ya baba, na zikipingana aghalabu moja huishinda nyingine. Katika pilipili, hati ya ukali huishinda hati ya upole, na hati ya wekundu huishinda ya umanjano. Chotara wa hoho ya manjano na pilipili ndefu nyekundu, basi, hana budi kuwa mwekundu na mkali. Lakini hati za mama yake hazikufutika, zimefunikwa tu, naye atazipitisha kwa watoto wake.

Mtu akitaka kufanya kazi ya nyuki kwa mkono wake, vyombo avihitajivyo ni kibano kama kile cha kutolea miiba, uzi wa rangi, na subira. Atafute kwenye mche wa mama tumba lililovimba na kuwa jeupe, ambalo dalili zake zaonyesha kwamba litachanua kesho; lililokwisha kufunguka halifai, maana huenda limejizalisha. Alishike kikonyo kwa vidole viwili, atoe majani yake meupe moja moja, ndipo atakapoona vifuko vya chavua vitano au sita, vyenye rangi ya zambarau iliyofifia, vimesimama kuizunguka nguzo ndogo ya kijani katikati. Hivyo vifuko avinyofoe vyote, kwa uangalifu asiiguse nguzo. Kisha achukue ua la baba lililofunguka asubuhi ile, ambalo vifuko vyake vimepasuka na kutoa vumbi la rangi ya maziwa, alipakaze vumbi hilo kwenye ncha ya nguzo, alifunike ua kwa kitambaa chepesi, na afunge uzi kwenye kikonyo ili asije akalisahau. Baada ya wiki moja hivi, likiwa limeshika, kitako cha ua huanza kuvimba na kung'aa. Lisiposhika hugeuka manjano, likaanguka. Mengi huanguka. Mimi nikipata matatu katika kumi hushukuru, na asiye na moyo wa kurudia kazi hii asiianze.

Kizazi cha pili ndicho chenye utajiri. Nilimwomba jirani yangu asizitupe zile hoho zake kali, bali achague moja iliyo nzuri, azitoe mbegu, na asie zote mwezi wa Septemba. Hesabu ya urithi yasema kwamba katika kila miche 16 ya kizazi hicho, kwa wastani, 9 itazaa pilipili nyekundu kali, 3 nyekundu pole, 3 za manjano kali, na 1 tu itarudi kuwa ya manjano na pole kama bibi yake. Miche 45 ilifika kuzaa, na mwezi wa Machi tulipita tuta kwa tuta, yeye na mimi, tukikata ncha ya utando wa kila tunda na kuigusisha kwenye ulimi, pamoja na bakuli la maziwa mgando. Ya manjano ilikuwa 11, na katika hiyo 8 iliwasha. Umbo na kiasi cha ukali vilitofautiana sana, kwa kuwa hati nyingi zashiriki katika mambo hayo. Lakini mmoja wa ile minane ulikuwa na matunda marefu, ya manjano ya dhahabu, yenye ukali usiofisha ladha ya samaki. Jirani yangu aliufunga kitambaa chekundu.

Hapo ndipo kazi ya uchaguzi huanza, nayo si kazi ngeni katika nchi hii. Huko Ukiriguru, kusini ya Mwanza, kituo cha utafiti kimefanya juhudi ya namna hii kwa pamba tangu miaka ya 1930, na mbegu za pamba zenye alama ya UK, zilizowapa wazee wetu mavuno licha ya wadudu wafyonzao majani na ugonjwa wa bakteria, zilipatikana kwa kuchanganya, kuchagua, kupanda tena na kuchagua tena. Mche wa kitambaa chekundu bado una mchanganyiko ndani yake. Ukijizalisha wenyewe, pasipo nyuki kuingilia, mchanganyiko hupungua nusu kwa kila kizazi, na baada ya vizazi sita au saba vya kuchagua mche bora, aina hutulia na kuzaa iliyo sawa na yenyewe. Ili kuwazuia nyuki, kipande cha chandarua kikuukuu chatosha: livishwe tawi kabla ya maua kufunguka, litikiswe kidogo kila asubuhi ili chavua idondoke, na matunda yakishashika chandarua kiondolewe na uzi ufungwe.

Atakaye kwenda mbali zaidi ajaribu kuoanisha kichaa na mbuzi, ambazo ijapokuwa ni aina mbili mbalimbali ni ndugu wa karibu, na mara nyingi hukubaliana, ingawa baadhi ya watoto huwa dhaifu au tasa. Bhut jolokia ya kaskazini mashariki ya Uhindi, ambayo mwaka 2007 ilitangazwa kuwa kali kuliko zote duniani kwa kupita milioni moja katika kipimo cha ukali alichobuni Wilbur Scoville mwaka 1912, ina damu ya aina hizo mbili. Tangu hapo wakulima wa Marekani wamepita kiwango hicho zaidi ya maradufu. Mimi siwahusudu. Pilipili isiyolika imepotewa na kazi yake, na afadhali mtu atafute harufu ya mbuzi katika tunda jembamba liwezalo kukaushwa juani kwa siku chache, kuliko kutafuta moto kwa ajili ya moto.

Juu ya ukuzaji sitasema mengi. Mche wa pilipili hupenda udongo wa kichanga, uitwao luseni, uliotiwa samadi iliyooza sawasawa, na huchukia mbuga iliyotuama maji; kitaluni mwagilia kwa kiasi, maana ugonjwa wa kinyausi huangusha miche iliyolowa kupita kadiri; mbegu ya kichaa yaweza kukawia wiki tatu au zaidi kabla ya kuota, usiifukue; na mche uliojikunja majani kwa ugonjwa wa virusi ung'oe mara moja, hata kama ndio uupendao.

Ndani ya Makumbusho ya Bujora, yaliyoasisiwa na Padri David Clement wa Mapadri Weupe, vyombo vya Wasukuma wa zamani vimehifadhiwa kwa heshima, na kiti au ngoma yaweza kukaa humo miaka mia ikabaki kiti na ngoma. Mbegu ya pilipili haihifadhiki hivyo. Hata ikikaushwa kivulini na kutiwa katika chupa kavu, baada ya miaka michache huanza kupoteza uhai, na nyumbani njia ya pekee ya kuitunza ni kuipanda. Kwa sababu hiyo nakuomba, ndugu msomaji, kabla hujanunua pakiti ya dukani, ukawaulize mama na bibi wa mtaani kwako mbegu zao za kichaa na za mbuzi, uandike katika kila kikaratasi jina na mahali ilipotoka, na uzisie mwezi wa Septemba, ili miche iwe tayari kuhamishwa mvua za vuli zitakaposhika.