Ukungu Ndani ya Saa ya Mkono

Katika nchi ya Kocholia, na mipakani pa Malaba na Busia, jua la mchana huwa kali, na katika miezi ya mvua aghalabu mawingu hukusanyika alasiri na mvua kubwa hunyesha. Wenyeji wameizoea hali hiyo, lakini saa zao za mkono hazikuizoea. Mara nyingi, baada ya mvua kama hiyo, mtu huitazama saa yake akaona kioo kimetanda ukungu wala mishale haionekani vizuri. Hujaribu kuufuta kwa shati, lakini haufutiki, maana uko upande wa ndani. Asubuhi yake ukungu umetoweka, naye hufurahi na kusahau. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa kutoweka kwa ukungu si kutoka kwa maji.

Jambo lenyewe ni hili. Hewa hubeba maji yasiyoonekana kwa macho, yaani mvuke, na hewa ya moto hubeba mengi kuliko hewa ya baridi. Hewa ya kujaza sanduku la mita moja kila upande, ikiwa na joto la digrii 30, yaweza kubeba gramu 30 hivi za maji. Ikipoa mpaka digrii 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi. Zile zilizozidi hugeuka matone na kushika mahali palipo baridi, kama vile chupa ya soda iliyotolewa katika barafu inavyolowa kwa nje. Katika saa, mahali palipo baridi ni kioo, maana mvua hukipiga moja kwa moja. Jua likirudi, kioo hupata joto, na matone hugeuka tena kuwa mvuke. Maji ni yale yale. Yamejificha tu kati ya magurudumu.

Ukungu mwembamba uliotokea mara moja tu na kuondoka upesi, huenda ukawa ni unyevu wa hewa iliyofungiwa ndani siku saa ilipofunguliwa. Lakini ukungu unaorudi kila kukiwa na baridi, au matone yanayoonekana wazi, ni dalili kwamba maji yamepata mlango.

Milango hiyo ni mitatu: ukingo wa kioo, kifuniko cha nyuma, na kile kifundo cha ubavuni cha kurekebishia mishale. Kila mmoja huzibwa kwa pete nyembamba ya mpira au ya plastiki. Jasho, sabuni, mafuta ya kujipaka na jua huikausha pete hiyo ikapasuka, kama mpira wa baiskeli ulioachwa juani. Na katika saa za betri kuna sababu nyingine, nayo labda ndiyo ya kawaida kuliko zote: kifuniko kilifunguliwa sokoni ili kutiwa betri mpya, na pete ikarudishwa imepinda, au haikurudishwa kabisa. Saa huenda vizuri mpaka mvua ya kwanza.

Wako wanaodhani kwamba maji huingia kwa kusukumwa na mvua tu. Kumbe saa nayo huweza kuyavuta. Mwendeshaji wa bodaboda, kazi iliyoanzia katika mpaka huu kwa baiskeli miaka ya 1960, hushinda juani mchana kutwa. Saa yake hupata moto, na hewa iliyomo hutanuka. Jioni huenda mtoni kuosha chombo chake, akautumbukiza mkono katika maji baridi. Hewa ya ndani husinyaa ghafula, na kama pete imechoka, saa hunyonya maji kama mtu anyonyavyo soda kwa mrija. Tone dogo moja latosha.

Tena maandishi ya nyuma ya saa huwadanganya watu. Saa iliyoandikwa kwamba huzuia maji mpaka mita 30 haikukusudiwa kupelekwa mita 30 chini ya maji. Maana yake ni kuwa ilipokuwa mpya ilistahimili msukumo wa maji ulio sawa na ule wa kina hicho, pasipo kutikiswa. Yafaa kwa kunawa na kwa manyunyu, si kwa kuogelea. Anayetaka kuogelea na atafute ya mita 100. Na saa iliyokaa mkononi miaka mingi haina tena nguvu ya siku iliyonunuliwa.

Kuyazuia maji ni jambo linalowezekana, nalo lilithibitishwa zamani. Mwaka 1926 Hans Wilsdorf, mwenye saa za Rolex, alitoa saa aliyoiita Oyster, yaani chaza, kwa kuwa kasha lake lilifungwa kwa hesi pande zote, pamoja na kifundo cha ubavuni. Mwezi wa Oktoba 1927 mwanamke Mwingereza, Mercedes Gleitze, aliogelea katika mlangobahari wa baina ya Uingereza na Ufaransa akiwa ameivaa saa hiyo shingoni. Baridi ilimshinda akatolewa majini kabla ya kufika ng’ambo, baada ya muda wa saa zaidi ya 10, lakini saa yake ilikuwa ingali ikienda.

Maji yakiisha kuingia, hasara yake yategemea aina ya saa. Ile ya kutia ufunguo ina sehemu nyingi za chuma, na mojawapo ni kamani nyembamba kama unywele inayopima mwendo. Kutu kidogo tu juu yake huiharibu, na kutu yaweza kuanza kwa siku chache. Saa kama hiyo aghalabu ni ya urithi, na kamani ya saa ya zamani si rahisi kupatikana. Katika saa ya betri, maji hula nguvu ya betri, kisha huozesha nyaya za shaba zilizo nyembamba mno. Saa ya bei nafuu yaweza kutupwa bila majuto makubwa. Lakini muuguzi ahesabuye mapigo ya moyo wa mgonjwa kwa mshale wa sekunde hawezi kuiamini saa inayosita.

Kwa hiyo mwenye saa yenye ukungu na aivue mara moja, aikaushe kwa nje kwa kitambaa, wala asikivute kifundo ingali imelowa. Asiiweke juu ya jiko wala juani: joto kali hukausha mafuta ya magurudumu, huharibu zile pete na betri, na mvuke hukosa pa kutokea. Watu wengi huizika saa katika mchele. Mchele hunyonya unyevu polepole sana, na vumbi lake huingia penye nafasi. Kilicho bora ni vile vipakiti vidogo vyenye chembe ngumu kama shanga, vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu vipya. Vikitiwa vichache pamoja na saa katika kopo lenye kifuniko cha kukaza, na kifundo kikiwa kimevutwa, vitapunguza unyevu kwa usiku mmoja au mbili. Vipakiti vilivyokaa wazi siku nyingi vimekwisha kushiba, havina faida.

Hata hivyo kopo halitoi kutu wala halizibi mlango. Hapana budi saa ifunguliwe na fundi, mapema kadiri iwezekanavyo, na kama ilizama katika maji ya mto yenye tope au maji ya sabuni, siku hiyo hiyo. Fundi ataifungua, ataisafisha na kuikausha, kisha atatia pete mpya. Mwenye saa na aulize habari za pete kabla ya kulipa, maana fundi mwenye haraka huirudisha ile ya zamani. Bei yake ni ndogo kuliko ya kazi yenyewe.

Baada ya hapo iko njia ya kuijaribu, ambayo hata viwanda vya saa huitumia. Saa hupashwa moto kiasi, digrii 40 mpaka 45, yaani joto linalovumilika mkononi. Tone la maji ya kawaida, yasiyo ya moto, huwekwa juu ya kioo kwa dakika moja, kisha hufutwa. Kioo kikibaki safi, ndani ni pakavu. Ukionekana ukungu mahali palipokuwa tone, saa na irudishwe kwa fundi siku hiyo, kabla mwenyewe hajaivaa.