Sashe Zinazosemwa Kuwa Zinaoza: Kweli Ama Si Kweli?

Mwalimu wa dini mmoja aliniuliza hivi: «Padri, mchuuzi amenionyesha sashe zenye kuandikwa kwamba zinaoza zenyewe. Anasema zimetiwa dawa ya kuwasaidia mikrobe kuzila. Je, tunaweza kuzizika katika shamba la misioni?» Swali ni zuri, maana linagusa udongo unaotulisha. Basi tulichungue pole pole.

1. Sababu gani plastiki haiozi?

Jani la mgomba likianguka, mikrobe wa udongo hulishambulia. Hutoa enzimi, nazo huyeyusha jani kuwa chakula chao. Lakini sashe za kawaida hufanywa kwa polietileni, ndiyo kama mnyororo mrefu sana wa karboni na hidrojeni. Mikrobe hawezi kuumeza, na enzimi zake hazipati pa kuukatia. Tena plastiki hukataa maji, na mikrobe hupenda mahali penye maji.

2. Dawa gani hutiwa ndani?

Ziko namna mbili hasa. Ya kwanza ni wanga. Katika miaka ya 1970 watu wa elimu walianza kuuchanganya na plastiki. Mikrobe hula wanga, sashe hubaki na matundu, lakini plastiki yenyewe haikuliwa.

Ya pili ni chumvi za madini: za chuma, za manganezi, ama za kobalti, madini yale yanayochimbwa kwetu Kolwezi. Hutiwa kidogo tu. Kazi yake ni kuharakisha oksijeni ya hewa kuingia katika plastiki, kwa msaada wa jua na joto. Ndipo mnyororo hukatika, na sashe hupasuka ovyo. Vipande vikiwa vifupi kabisa, mikrobe aweza kuvila na kuvigeuza kuwa gazi karboniki, maji, na mwili wake mwenyewe.

3. Tutofautishe

Kuvunjika ni jambo moja, kuoza ni jambo lingine. Muhogo uliotwangwa ni muhogo bado. Na plastiki iliyovunjika ni plastiki bado, mpaka mikrobe aimalize. Na dawa ile hutaka jua, joto na hewa. Sashe iliyozikwa chini haivipati vya kutosha.

Majaribio yameonyesha hivyo. Katika mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, walitangaza kwamba dawa tano walizozijaribu hazikuongeza kuoza. Katika mwaka 2019 wenzao wa Plymouth, Uingereza, walionyesha sashe za namna hiyo zilizokaa miaka 3 udongoni na baharini: ziliweza bado kubeba vitu vya sokoni. Basi nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza kuuza plastiki zenye chumvi hizo tangu tarehe 3 Julai 2021.

Mtu atasema: «Vipande visivyoonekana vina ubaya gani?» Mvua huvipeleka mtoni, samaki huvimeza. Sashe nzima utaiokota; vumbi lake nani ataliokota?

4. Hakuna basi plastiki inayooza?

Ziko, lakini hazikupata tabia hiyo kwa dawa. Zimefanywa kwa kitu kingine tangu mwanzo, kwa mfano sukari ya mahindi. Sheria ya Ulaya inadai sehemu 90 katika 100 zigeuke gazi kwa miezi 6, katika mbolea yenye joto la digrii 58 hivi. Shimo letu la takataka halina joto hilo.

Jibu

Msizizike shambani. Tena, kwetu Kongo dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kufanya, kuingiza, kuuza na kutumia sashe za plastiki, ingawa sokoni tungali tunaziona. Mchuuzi akisifu dawa yake, mumwulize mambo matatu: inaozea mahali gani, kwa muda gani, na sehemu ngapi zinageuka gazi? Asipojibu, mrudishieni sashe zake, mwende sokoni na kikapo. Kikapo kikichakaa, mikrobe watakimaliza bila dawa yoyote.